Kiingereza cha Kulishia Kuku

Nilipoolewa kijijini Ikolo, mama mkwe wangu, Naomi, alinifundisha mwiko mmoja kabla hata hajanionyesha kisima: mkamwana hasemi na baba mkwe wake. Hawatazamani, na wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba.

"Huko Kyela mjini wengi wameacha," aliniambia, "lakini mzee wako ni wa zamani. Usimfikirie vibaya. Hiyo ndiyo heshima yake kwako."

Sikumfikiria vibaya. Mimi ni mtu wa Karagwe, tena mwenye haya. Nilimaliza chuo cha ualimu huku bado natetemeka kusimama mbele ya darasa, na sasa nilikuwa nasubiri ajira wakati mume wangu, Dickson, akihangaika na mizigo mpakani Kasumulu. Kuishi na mzee nisiyepaswa kumsemesha kulinifaa sana. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mlio wa reki yake akigeuza kakao kwenye kichanja, upande wa pili wa ukuta wa jiko.

Wifi yangu, Kisa, ni nesi Botswana. Binti yake, Doreen, alizaliwa hukohuko na alikuwa ameanza shule. Anajua Kiingereza na Kitswana, basi. Kila Jumapili walipiga simu ya video. Mzee Anyisile aliishika simu kwa mikono miwili, mjukuu akasema maneno, mzee akaitikia "Eee," kisha wakabaki wanatazamana mpaka mmoja achoke.

Jumapili moja Kisa alisema watakuja Krismasi. Simu ilipokatika nilimsikia mzee akimwambia mkewe, "Yule mtoto ananiona kama picha ya ukutani. Atakuja, atanitazama, ataondoka."

Naomi ana jibu la kila kitu.

La hilo alilileta asubuhi yake. Nilikuwa mlangoni pa jiko nawamwagia kuku pumba za mpunga, akaja akasimama karibu yangu.

"Teodora, mwanangu. Hawa kuku wanajua Kiingereza?"

"Hawajui, mama."

"Na wewe umesoma hivyo! Huwaonei huruma?" Akatupa macho ukutani, ambako reki ilikuwa imenyamaza. "Wafundishe. Ila paza sauti. Kuku wa huku ni wazito wa kusikia."

Nilielewa, nikaona haya. Lakini kuku hawamcheki mtu. Nikachota pumba, nikasema kwa Kiingereza, "Habari za asubuhi, warembo wangu." Upande wa pili, sauti nzito ikarudia polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Somo lilianza na bakuli la pumba na kwisha pumba zilipokwisha. Njooni, njooni. Msigombane. Kipo cha kutosha wote. Wewe unaitwa nani? Mzee akikosa kushika neno, alikohoa, nami nikarudia. Akiwa na swali, alimuuliza mkewe.

"Hivi kuku akitaka kusema amefurahi, anasemaje?"

"Kuku gani wa kusema amefurahi, baba Dickson?"

"Wa kisasa."

Nami nikawaambia kuku wanavyopaswa kusema wakifurahi.

Jirani yetu Hezroni, akipita na baiskeli yenye mikungu ya ndizi, alipata habari ya kutembeza. "Mkamwana wa Anyisile anawalisha kuku kizungu! Mayai yao mtauza kwa dola!" Dickson naye hakukosa la kusema. "Mwache baba apate cha kuombea maji tu, Teo. Usije ukampeleka bungeni."

Nilicheka. Kumbe kulikuwa na jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Mzee hakuwa na mwalimu wa kumtazama usoni. Alichokuwa nacho ni mwanya kwenye ukuta wa jiko, na katika mwanya ule alikuwa anaona kitu kimoja tu: mkono wangu.

Kisa na Doreen walifika mchana, bajaji imejaa mabegi. Niliposikia honi nilikimbilia jikoni, nikachungulia kwenye mwanya uleule. Mzee alikuwa amesimama uani katika koti lake la kanisani, amenyooka. Doreen alishuka, akajificha nyuma ya mama yake. Wakatazamana kama kwenye simu.

Mzee akainama. Akanyoosha mkono, akautikisa vidole chini, hivi, kama anayenyunyiza kitu, akasema kwa Kiingereza safi kabisa:

"Habari za asubuhi, warembo wangu. Njooni, njooni. Msigombane. Kipo cha kutosha wote."

Ilikuwa saa nane mchana. Kisa alijiziba mdomo. Doreen aligeuka nyuma kuangalia ni nani wengine waliokuja. Mimi niliegemea ukuta, natamani ardhi inimeze.

Ndipo kuku wakaja. Wote. Walichomoka kwenye mikakao, mbawa wazi, wakamzunguka mzee mpaka kwenye viatu, jogoo akaruka juu ya begi la Kisa. Doreen alipiga ukelele.

"Mama! Wanajua Kiingereza!"

"Ndiyo," mzee akajibu kwa Kiingereza. "Kila siku."

Mtoto akatoka nyuma ya mama yake. Akauliza kitu kirefu, harakaharaka, akimwelekea babu yake. Mzee alimtazama. Nikaona uso wake unaanza kurudi kuwa ule wa Jumapili, ule wa picha.

Kisha akakohoa.

Kikohozi hicho nilikijua. Na uani walikuwepo Kisa, Naomi, dereva wa bajaji, na Hezroni ambaye hajawahi kuchelewa kwenye jambo la watu. Kuku mmoja alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Nikamkazia macho yeye, nikasema kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ambayo chuoni sikuwahi kuitoa: "Kuku, mtoto anauliza, mna majina?"

Midomo ya mzee ikachezacheza. Halafu akamwonyesha mjukuu wake kuku mweupe.

"Jina la huyu, Good." Akageukia jogoo. "Jina la huyu, Morning."

Hezroni alikaa chini palepale alipokuwa. Doreen alicheka mpaka akamshika babu yake koti asianguke, na hakuliachia. Akamvuta kwenda kwenye kichanja, anauliza hiki ni nini, na kile ni nini, na mzee anakohoa, na mimi namjibu kuku.

Jioni, Naomi alipokuwa anapakua wali, mzee alipita nje ya ukuta, mtoto amemlalia begani. Nikainamisha macho kama ilivyo desturi. Nyayo zikasimama.

"Thank you, madam," akasema, chini chini asimwamshe.

Hilo kuku hawakuwahi kufundishwa.

Naomi alinitazama, kijiko hewani. "Haya, mjibu! Au mpaka nikuletee pumba?"