Askari Aliyevaa Sweta

Makambako yote, kuanzia stesheni mpaka soko la mahindi, hakuna bibi aliyeua wanajeshi wengi kuliko mimi. Ukweli ni kwamba niliua watatu, na wa tatu alikuwa wa upande wetu.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, kwenye kibanda cha gemu cha mwanangu Masumbuko, mwezi mmoja na nusu baada ya kumzika. Wasioijua gemu ya siku zile niwaeleze. Ni kisanduku cheusi unachokiunga kwenye runinga, unakichomekea kaseti, halafu unashika mkononi kidude chenye vitufe. Kaseti iliyogombewa kuliko zote pale ilikuwa ya askari mmoja tumbo wazi, anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia akipiga risasi kila kinachosogea. Haulizi mtu jina. Anapewa roho tatu. Zikiisha, unampa mwenzako kidude na kwenda zako nyumbani. Niliposikia habari ya roho tatu niliuliza zinapatikana wapi. Vijana wa pale walicheka, nami nikacheka, kwa kuwa ndivyo watu wafanyavyo.

Runinga ilikuwa ya Abasi, mfanyabiashara aliyekuja na malori kutoka Tabora akasahau kurudi. Kisanduku kilikuwa cha Masumbuko. Mwanangu kazi yake hasa ilikuwa kuandika vibao vya maduka, maana tangu serikali iseme biashara ni ruksa kila mwenye chumvi na viberiti alitaka kibao. Rangi iliyobaki ndiyo aliyochorea ukuta wa mbele wa kibanda, kando ya mlango. Alimchora askari wa gemu, mrefu kupita mlango wenyewe.

Lakini akamvika sweta.

Sweta lile nalijua. Nililifuma mimi, la kijani, lenye kola, mwaka aliohama Njombe kwenda Makambako. Kwenye bega la kushoto niliruka kitanzi kimoja kwa sababu nilikuwa nasikiliza umbea mzuri sana. Nikaona uvivu kufumua. Masumbuko alilivaa hivyo hivyo mpaka akaingia nalo wodini. Na pale ukutani, kwenye bega la kushoto la askari, alikuwa amekichora hata kile kitundu.

Nilisimama mbele ya ule ukuta nikangoja. Sikusikia kitu. Ukiulalia mkono mpaka asubuhi, unauona ni wako, ila ukiguswa unaona kaguswa jirani. Ndivyo nilivyokuwa tangu mazishi. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Hakukuwa na cha kukaza. Kaburini wifi yangu Letisia alilia fungu lake akalia na langu, akabakiza la kesho. Masumbuko aliumwa kifua, ndivyo tulivyosema, na miaka ile ukisema kifua hakuna aliyekuuliza kifua gani.

Siku ya kumaliza msiba ukoo uligawana vitu vyake. Koti lilikwenda kwa binamu, redio kwa baba mdogo wake aliyekuwa anagawa. Mimi nikapewa blanketi.

"Blanketi ninalo," nikasema. "Mimi nataka ukuta."

"Ukuta gani, shemeji?"

"Wa Makambako. Wenye askari."

"Marehemu hakuwa na ukuta. Alikuwa mpangaji."

"Basi niandikieni picha tu. Ukuta abaki nao mwenyewe chini ya picha."

Waliona uchungu umenipanda kichwani. Wakaniongezea shuka.

Mwenye ukuta alikuwa Afande Odilo, mtu wa Ludewa, wa kule ziwani. Alipigana vita vya Kagera, akarudi na mguu mmoja mzito, akajenga vyumba vitatu vya kupangisha. Hakuna aliyepita mbele yake bila kumwita afande. Nilipofika Makambako, Alhamisi, nilimkuta kibandani na Abasi, wanazungumzia chumba. Mwezi unaofuata angeingia muuza mbolea.

"Kamwene, afande," nikamsalimia.

"Kamwene, mama. Pole tena."

"Nimeshapoa. Huyo wa mbolea anamchukia askari?"

"Yeye hana neno. Mwenye neno ni mimi. Jumamosi napaka chokaa."

"Kakukosea nini?"

Akaeleza, na alieleza kwa sauti, maana watu walikuwa wameanza kusimama. Alisema yeye ameona vita. Risasi si mchezo. Mtu hafi akafufuka mara tatu huku wenzake wanakula karanga. Gemu hiyo hajawahi kuitazama hata kwa jicho moja, na asingependa nyumba yake ijulikane kwa picha yake.

"Siku nikikutwa nimekaa mbele ya gemu hiyo," alisema, "ukuta uchukue, mama, na mabati juu yake."

Wakati wote huo alikuwa anaitazama barabara. Ukutani hakutupa jicho. Mimi ni mwizi mzoefu wa sukari, tangu utoto; najua mtu asiyetaka kuangalia kabati.

Alipoondoka nikakaa kwenye benchi na wale waliobaki. Niliwauliza wanaionaje picha. Nilidhani watasema nzuri, mama, pole, mama. Kumbe nimechokoza nyuki.

"Mimi nitasema ukweli, bibi, usinichukie," alisema Nasiri, utingo wa malori, mshindi wa gemu ile tangu Makambako mpaka Mafinga. "Huyu siye. Yule wa kwenye gemu hana shati. Ana kitambaa chekundu kichwani. Masumbuko kamharibu."

"Kamharibu nini?" Abasi akamrukia. "Kamwonea huruma. Wewe mwezi wa saba utatembea Makambako hii tumbo wazi?"

"Si anatoka jasho vitani!"

"Akitoka jasho na upepo huu, risasi ya nini tena? Atakufa na nimonia."

Letisia alikuwa amenifuata kutoka Njombe ili nisiwe peke yangu, maana yake ili asipitwe. Yeye ni wa umoja wa wanawake kanisani, na alikaa ameipa runinga kisogo ili isimwingie.

"Shetani ni shetani hata akivaa sweta," alisema. "Watoto wanajifunza kuua humo."

"Shangazi, mimi nimeua maelfu," Nasiri akasema, "na kuku ananishinda kuchinja. Muulize mke wangu."

"Ndiyo ujue umeshaharibika. Kuku unamwogopa, mtu humwogopi." Halafu akageuza shingo kidogo kuelekea mlangoni. "Ila sweta lenyewe zuri, wifi. Bega tu ndilo umelikosea."

"Na bunduki," Nasiri akaendelea, maana mtu wa gemu hajui kunyamaza. "Yule huishikia kiunoni anamwaga tu, trrrrr! Huyu kaibana begani kama mtoto wa shule. Tena kidole kakinyoosha pembeni, hata pa kufyatulia hapagusi. Sasa atampiga nani?"

Nikatoka nje kuangalia. Kweli. Kitako cha bunduki kimekaa ndani ya bega, kwenye kitundu changu cha kitanzi, na kidole cha shahada kimenyooka kando ya chuma. Mwanangu hakuwahi kushika hata gobore. Alikuwa anaogopa jogoo. Mambo ya kidole aliyatoa wapi?

"Abasi," nikasema, "asubuhi hapa alikuwa anakaa na nani?"

"Peke yake, mama. Alikuwa anafungua saa mbili. Wateja saa nne. Mimi saa hizo niko sokoni."

"Peke yake."

"Peke yake." Akafikiri. "Ila vikombe vya chai nilikuwa nakuta viwili."

Kesho yake nilikwenda kwa Afande Odilo kumwomba kwa adabu. Nilipeleka viazi vilivyotoka Iwawa, vikubwa, maana mkono mtupu haulambwi. Alivipokea. Ukuta akakataa.

"Masumbuko ulimfahamu sana?" nikamwuliza.

"Alikuwa mpangaji."

"Alikuwa anapenda chai yenye tangawizi."

"Mama, mimi sijui mambo ya chai."

"Vijana wanasema kamkosea askari. Eti askari hashiki bunduki vile."

Fimbo yake ilikuwa mapajani. Akaiinua akaibana begani kabla hajajiuliza, kidole kimenyooka kandokando. "Wajinga hao," alisema. "Ukitembea kwenye watu kidole kinakaa nje. Kinaingia ukishaamua. Hivi..." Halafu akaishusha fimbo polepole, akaanza kukuna mguu wake. Kuku wakapita. Nilijua nimemkamata, lakini nilijua peke yangu, na kitu unachokijua peke yako hakizuii chokaa.

Mtu akiniuliza kama nilifurahi, sikufurahi. Niliwaza tu kwamba kumbe mwanangu alikuwa na mwenzake wa chai, tena mwenyewe anamkana. Niliwaza hivyo kama mtu anayesoma tangazo la mwaka jana.

Nikarudi kibandani, nikamwambia Nasiri anifundishe gemu.

"Bibi?"

"Nina mikono miwili na sina mchumba. Fundisha."

Ijumaa iliyobaki ilikwisha hivyo. Kupiga nilishindwa. Kidole changu kimezoea sindano ya kufumia, kinabonyeza kwa hesabu, na adui hasubiri hesabu. Lakini kuruka niliweza. Nasiri aliniambia nikiruka bila kusimama nitafika mpaka darajani, ambako hata yeye alikufa mara nyingi alipokuwa anajifunza. Ngoma ya gemu ikibadilika, ikawa nzito kama ya mazishi, ujue daraja limefika. Njiani humo ndimo nilimowaua wale wawili, kwa kuwaangukia. Wa tatu alikuwa mateka aliyefungwa kamba miguuni, anayengoja kuokolewa. Nilidhani anapunga mkono kunitukana.

"Bibi, huyo ni wetu!"

"Sasa si angesema?"

Letisia aliomba msamaha kwa Mungu kwa niaba yangu, halafu akasema nijaribu tena.

Jumamosi saa tatu Afande Odilo alikuja na ndoo ya chokaa na brashi ya katani. Nilikuwa kwenye benchi, kidude mkononi. Nasiri kulia kwangu, Letisia kushoto na kisogo chake, Abasi karibu na runinga. Nje watu kama saba wamesimama, maana chokaa ikipakwa mahali, Makambako hukuta watu hawana kazi.

"Kamwene, mama," alisema. "Naanza."

"Anza. Ila ngoja nimalize roho yangu ya mwisho, unisaidie kutoa benchi nje. Ni mambo ya dakika mbili."

"Mama nawe umeingia huko?"

"Mtu huingia anapoitwa."

Akasimama mlangoni. Aliweka ndoo chini, akaipa runinga mgongo, akatazama barabara kama Alhamisi. Brashi ilikuwa mkononi mwake, imeshachovywa.

"Abasi mwanangu," nikasema, "ongeza sauti. Masikio yangu ya zamani."

Abasi akaongeza. Nikaanza kuruka. Niliruka mapipa ya mafuta, nikaruka shimo, nikamruka na yule mateka wetu, akabaki akipunga. Nilikuwa naruka bila kuogopa chochote. Labda ndiyo maana nilifika. Mikono ilikuwa inafanya, mimi nilikuwa mahali pengine, nafuma sweta, nasikiliza umbea. Nasiri alikuwa ananong'ona ruka, ruka, bibi, sasa.

Ngoma ikabadilika.

Niliuona mgongo wa Afande Odilo. Bega lake la kulia lilipanda kidogo, kama la mtu aliyeitwa kwa jina. Daraja lilikuwa limeanza kutokea ukingoni mwa runinga, mbao mbili tatu tu, na chini yake maji. Nikamsogeza askari wangu mbele, pole pole. Kitufe cha kuruka nikakiwekea kidole juu, nikamwonyesha kila mtu kwamba sasa naruka. "Haya," nikasema kwa sauti, "narukia katikati!"

"Usirukie hapo, mama!" alisema Afande Odilo, bado ametazama barabara. "Ukitua anakumaliza. Kuna mmoja nyuma ya pipa."

Nikaondoa kidole kwenye kitufe. Askari akasimama. Ngoma ikaendelea peke yake. Letisia aligeuka mzima mzima, mara ya kwanza tangu Alhamisi, akaikodolea runinga, kisha akamkodolea Afande Odilo, kisha runinga tena. Chokaa ilikuwa inadondoka kutoka kwenye brashi, tone moja moja, juu ya buti la ule mguu mzito.

"Pipa gani, afande?" nikamwuliza.

Hakugeuka.

"Nimesikia watu wakisema," alijibu.

"Watu gani?" Nasiri akauliza. "Hapo tunaofika ni mimi na marehemu tu."

Nikabonyeza kidogo, askari akapiga hatua mbili mbele. Pipa likaingia upande wa kulia wa runinga, na nyuma yake, kichwa, pale pale alipopasema mtu aliyeniahidi ukuta na mabati juu yake.