Matita Sita ya Lina Döpfer

Saa moja asubuhi, siku ya mwisho ya mwaka 1971, Lina Döpfer alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri la mikate la kijiji akipuliza moto uliokataa kushika. Matita sita ya fito aliyakokota mwenyewe kwenye theluji. Zilikuwa kuni zake za kumfikisha Februari. Alikuwa mjane wa mtengeneza barabara, pensheni yake haikuongezeka hata chembe, na mkate wa gari la mwokaji wa mjini ulikuwa umepanda bei mara tatu mwaka huo.

Saa sita usiku kijiji chetu cha Dornscheid kingefutwa na kuingizwa Großbergen, mji wenye taa za barabarani na makarani tele. Konrad Weitzel, mwenyekiti wetu, alikuwa amemwambia Lina jana yake, wakiwa jikoni kwake. Jiko hilo ndilo lililokuwa ofisi, na muhuri wa kijiji ulikaa kwenye droo ya vijiko.

"Tanuri watalivunja Machi," alisema Konrad. "Wanasema halitumiki."

"Si kweli kwani? Wiki tisa sasa halijawashwa," alijibu Lina.

Lawama ilikuwa yetu wenyewe. Kila wiki wenye nyumba walipiga kura ya bahati kupanga zamu. Anayepata namba moja hulipasha tanuri lililopoa kwa matita sita. Wa pili huongeza mawili, na wa tano huoka kwa kijitita kimoja tu, akijilia joto la wenzake. Kuni zilipoadimika, aliyepata namba moja hakuwasha, na kila mtu alisubiri mwingine aanze. Tukasubiriana hivyo tangu Oktoba, wabahili watupu, mimi nikiwemo.

Moto ulishika. Moshi ulipopanda juu ya mapaa, Else Krombach, jirani yake, alikuja mbio na aproni yake.

"Wewe Lina, umechanganyikiwa? Nani kakupa namba moja?"

"Nimejipa. Acha maneno, shoga, nenda kakande unga."

"Niwe wa pili?"

"Kama unaweza kuachia matita mawili bila kuugua."

Else alicheka mpaka akashika mlango wa kibanda cha tanuri. Kufikia adhuhuri familia kumi na moja zilikuwa zimepanga foleni na mabeseni ya unga, mikate myeusi na keki za tufaa zikiingia na kutoka, na Konrad akigawa pombe yake kali ya plamu kwa vikombe vidogo vya kuwekea mayai. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu mavuno walilishana keki. Tulifurahi, na hatukuona haya kufurahi siku ya msiba wetu.

Saa nane akafika Bwana Seibold, karani wa Großbergen, na mkoba wake na kufuli jipya. Alikuja kuchukua muhuri na kukabidhiwa mali.

"Andika basi kwamba tanuri linatumika," Lina alimwambia, jasho likimtoka. "Macho unayo."

"Mama, orodha imechapwa tangu Novemba. Siwezi kuongeza hata nukta."

"Inasemaje?"

Seibold alisoma: pampu ya zimamoto, mizani ya mifugo, fahali mmoja. Kisha, mahali tulipokuwa tumesimama: eneo la kuegeshea magari.

"Tanuri je?" Konrad aliuliza.

"Halimo. Hapa ni maegesho."

"Halimo kabisa? Na nyie mnapokea kilichomo tu?"

"Kilichomo tu, mzee. Saini hapa."

Konrad alisaini haraka kuliko alivyowahi kusaini kitu chochote, akatoa mfukoni muhuri wa Dornscheid, akaugonga mara ya mwisho kwenye karatasi iliyowekwa juu ya kikapu cha mikate, akamkabidhi karani. Miaka kumi na tisa aliongoza kijiji bila mshahara, na sasa hakuwa mwenyekiti wa kitu.

Karani alifunga mkoba, akatoa kufuli. "Haya, zimeni moto. Nafunga jengo."

Lina alijifuta mikono taratibu. "Jengo lipi?"

"Hili hapa."

"Soma karatasi yako, bwana mdogo. Hakuna jengo. Unataka kufunga kufuli kwenye maegesho?"

Else akaangua kicheko, na foleni nzima ikafuata.

"Mtaletewa barua," alisema Seibold, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Ilete. Barua ya kuvunja kitu ambacho hamna. Itachukua muda kuiandika." Lina alinyanyua sepeto refu la kutolea mikate. "Na magari yenu yakija tutayapisha. Ila sasa nipishe wewe. Umesimama mlangoni, na mkate wa Else unaungua."

Karani aliitazama karatasi, akautazama moshi, akasogea pembeni.