Asante Tu

Wakili Ladan Mirfakhrai aliisoma barua ya serikali mpaka mwisho, akavua miwani, akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Alicheka kama mtu aliyefungua mlango akakuta mbuzi amelala kitandani mwake.

"Farangis, dada yangu," alisema, "wewe umeifanyia taarof Serikali ya Marekani."

Farangis Tavassoli alikuwa ameketi mbele yake, mkoba magotini, hajui acheke au alie. Wairani wote wa Lubbock wanaijua taarof, hata wale waliozaliwa hapohapo Texas kama Ladan. Ni ile adabu ya kujishusha ili mwenzako apande. Ukisifiwa, unakana. Ukipewa, unakataa kwanza. Dereva wa teksi ukimuuliza nauli anakujibu kwamba si kitu, na ole wako ushuke bila kulipa. Watoto wa Yazd, mji wa kwao Farangis huko Iran, huinyonya adabu hiyo pamoja na maziwa, na Farangis alinyonya fungu lake na la ndugu zake.

Taabu ni kwamba alichokuwa akikiomba hakipatani na adabu ya aina hiyo. Kwa kawaida mgeni msomi hupata ukaazi wa Marekani kwa kushikwa mkono na mwajiri, na mwajiri lazima kwanza aonyeshe kwamba hakupata Mmarekani wa kuifanya kazi ile. Lakini upo mlango wa pembeni. Ukithibitisha kwamba kazi yako ina faida kwa taifa zima, sharti la mwajiri linasamehewa, na unajiombea mwenyewe. Mlango mzuri, ila una kizingiti kimoja: lazima ujisifu. Useme kwa maandishi, ukurasa baada ya ukurasa, kwamba nchi hii kubwa yote itapata hasara wewe ukiondoka. Sijui nani aliyebuni jambo hilo, ila hakulelewa Yazd.

Na Farangis alikuwa na cha kujisifia. Visima vya vijiji vinavyozunguka Lubbock vina sumu ya madini, na mitambo ya kuisafisha ni ya miji yenye uwezo. Yeye aligundua namna ya kuchoma maganda ya mbegu za pamba, ambayo huko yamejaa kila mahali hata upepo unayachoka, yakawa mkaa unaoinasa sumu ile. Vijiji kadhaa vilikuwa vimeshaanza kunywa maji yao wenyewe bila hofu.

"Nisomee tena hapo," Farangis alisema.

Ladan alirudisha miwani. "Afisa anasema hivi. Mwombaji mwenyewe ameleta habari ya gazeti kama ushahidi. Katika habari hiyo, alipopongezwa na wakulima, mwombaji alijibu: 'Mimi sikufanya chochote. Kazi yote ni ya profesa wangu. Mimi ni mwanafunzi tu.' Kwa hiyo afisa anauliza, kama hukufanya chochote, taifa linakuhitajia nini?"

"Lakini kila mtu anajua mtu hujibu hivyo."

"Kila mtu wa wapi?"

Gazeti lile Farangis alilikata mwenyewe kwa mkasi, akalitia kwenye maombi kwa sababu lilikuwa na picha yake nzuri amezungukwa na wakulima. Maneno yaliyokuwa chini ya picha hata hakuyaona kuwa ni maneno. Kwake yalikuwa kama kusema karibu.

"Na si gazeti tu," Ladan aliendelea. "Barua ya profesa wako nayo inasema wazo lilizaliwa chini ya uongozi wake. Nani aliiandika ile barua?"

"Mimi. Aliniambia niandike, yeye atatia sahihi. Si ndivyo wanavyofanya wote?"

"Ndivyo wanavyofanya wote. Ila wenzako wakipewa kalamu wanajipaka asali. Wewe umempaka yeye." Ladan aliikunja barua. "Sikiliza. Tumepewa nafasi moja ya kujibu. Nenda kwa Profesa Brandt aandike ukweli kwa mkono wake. Wazo la nani, kazi ya nani. Akikataa, mimi sina tena cha kuwapelekea. Kibali chako cha kazi kinaisha mwaka huu, na utafunga mizigo."

Kufunga mizigo kulimtia Farangis hofu ya pande mbili. Viza aliyoingia nayo ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Tangu afike hakuthubutu kutoka, asije akafungiwa nje. Mama yake, Bi Esmat, alikuwa akizeeka kwenye kioo cha simu. Akipata karatasi za ukaazi, angeweza kwenda kumkumbatia mama yake kisha arudi kwenye visima vyake. Akizikosa, angerudi kwa mama na visima vingebaki bila mtu. Alivitaka vyote viwili, na hakuona haya kuvitaka. Haya aliiona kwenye kusema tu.

Kesho yake asubuhi alibisha mlango wa Warren Brandt. Alikuwa mzee mrefu mwenye mashavu mekundu, mtu mwema kabisa, aliyekuwa akimsihi miaka yote amwite Warren na hakuwahi kufanikiwa.

"Profesa, samahani kukusumbua, najua una kazi nyingi, si jambo kubwa."

"Kama si jambo kubwa, kaa tulimalize," Brandt alisema kwa uchangamfu.

Alimweleza habari ya afisa. Brandt alisikiliza, akakuna kidevu.

"Naandika barua nyingine leo leo. Nitasema ulinisaidia sana. Bila msaada wako ule mkaa wangu usingefika vijijini."

Mkaa wangu. Farangis alimtazama usoni akitafuta dalili ya mzaha, asiione. Hapo ndipo alipoelewa. Mzee huyu hakuwa mwizi. Miaka yote alikuwa ameambiwa na mwanafunzi wake, mbele ya watu, kwamba kazi ni yake, naye akaamini. Huko kwao mtu akikwambia jambo mara nyingi vile, huwa anamaanisha.

"Profesa," alisema, "mkaa si wako."

"Nini?"

"Mkaa ni wangu. Bibi yangu alikuwa akitia mkaa kwenye mtungi wa maji, ndiko nilikolitoa wazo. Wewe uliniambia niachane nao, nirudi kwenye kuchuja maji kwa udongo."

Brandt alicheka kidogo. "Hapana, Farangis. Hilo tulilifikiria pamoja. Mbona mwenyewe umelisema kwenye gazeti?"

"Nilisema uwongo."

"Kwa nini useme uwongo wa kunisifu mimi?"

"Kwa adabu," alisema Farangis, na akaona jinsi jibu lile lilivyosimama pale ofisini bila nguo. "Kwetu mtu hasemi ni mimi. Anasema ni wewe, halafu wewe unasema hapana, ni yeye. Nilikuwa nakungoja useme hapana."

Dirishani upepo ulikuwa ukibamiza vumbi la mashamba, vumbi jekundu linaloingia hata penye vioo viwili. Farangis alitamani kusema basi, yaishe, sahau. Maneno yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi yakisubiri ruhusa. Hakuyapa.

"Mwaka ule ulipokuwa Oregon kwa mwanao," aliendelea, "ndipo nilipouchoma mkaa wa kwanza, kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba ninayopanga. Ulirudi ukakuta majibu mezani."

Brandt alivuta kiti mbele, akakirudisha nyuma. Mashavu yalizidi wekundu. "Nimelisimulia jukwaani," alisema polepole. "Nimesimulia jinsi wazo lilivyonijia. Nikakumbuka hata siku yenyewe. Inawezekanaje nikakumbuka siku ambayo haikuwapo?"

"Nilikusaidia kuikumbuka," Farangis alisema, na hiyo haikuwa adabu. Ilikuwa haki ya mzee kuambiwa, aliiona hivyo.

Barua aliyoiandika mzee mchana ule ilikuwa fupi na ngumu kusoma, maana ilisema wazi kwamba aliwahi kulikataa wazo lile, na kwamba amekuwa akilisimulia kimakosa. Alimpa mkononi, akasimama.

"Bila wewe," alisema, "watu wale wangekuwa bado wanakunywa sumu. Wewe ndiye uliyefanya."

Sifa ilimjia Farangis uso kwa uso. Kila alichofunzwa kilipanda kooni: hapana, mimi ni nani, ni baraka yako, ni kivuli chako.

"Asante," alisema.

Akatoka mbio kama mtu aliyeiba sahani hotelini.

Kibali cha ukaazi kilikuja majira ya kupanda pamba. Ladan alimpigia simu akipiga vigelegele kwa lafudhi ya Texas. Farangis hakungoja, alimpigia mama yake.

Bi Esmat alilia kidogo, akamshukuru Mungu, akaenda kuchoma uvumba wa kufukuza jicho baya, akarudi kwenye kioo akikohoa. Kisha akataka kusikia yote. Farangis akamsimulia, mpaka pale mzee aliposimama na barua.

"Akakusifu hivyo, mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Mungu amweke. Nawe ukamjibuje?"

"Nikasema asante."

Mama alisubiri. "Kisha?"

"Basi, mama. Asante tu."

Bi Esmat hakukasirika. Alikunja mtandio chini ya kidevu, kama anavyofanya wanapobisha watu asiowajua vizuri.

"Vizuri, roho yangu," alisema. "Basi ukija nitatoa vile vikombe vya wageni."