Mpaka Mtoto Alale

Jino la Yaya lilikuwa limemtia adabu. Hata chai aliinywea upande mmoja, shavu limevimba mpaka linang'aa, na usiku hakupata hata lepe la usingizi. Kung'oa si kazi. Kazi ilikuwa ganzi. Sindano ya ganzi aliyochomwa zamani ilimziba koo, nusura wamkose, na dawa ya kulaza mwili mzima moyo wake haukuiweza. Zilibaki njia mbili: ang'olewe hivi hivi huku akisikia kila kitu, au usaha uendelee kushuka shingoni mpaka umuue. Yaya alishasema bora usaha.

Ndipo Tembo alipohangaika mji mzima mpaka akampata daktari wa meno anayelaza watu kwa maneno.

Tembo hakuwa mwanawe wa kumzaa. Yaya hakuzaa. Alimlea tangu akiwa wa kubebwa, katika nyumba ambayo mama alikuwa mtu wa zamu na baba mtu wa safari, akambandika jina hilo kwa jinsi alivyokanyaga godoro badala ya kulilalia. Sasa Tembo alikuwa dereva wa lori, mvi kidevuni, akisimama mlangoni hapapitiki. Nguvu zilipomwishia Yaya, ndiye aliyekuja kumchukua, akampa chumba chenye dirisha kubwa kuliko yote nyumbani. Watoto wengine aliowalea hawakumkumbuka hata kwa salamu, naye hakuwalaumu. Lakini kila asubuhi akifungua lile dirisha alishukuru, tena kwa sauti, hata kama hakuna wa kumsikia.

"Shikamoo, mama," alisema daktari, mwanamke mfupi asiye na haraka.

"Marahaba."

"Kabla sijagusa jino, nataka kujua unazama kiasi gani. Watu hatulingani. Nyosheni mikono, nyote wawili. Fumbeni macho. Mkono wa kulia umeshika ndoo, na ndoo inajaa maji, inajaa, inazidi kuwa nzito."

Mkono wa Tembo ulishuka taratibu mpaka ukatua gotini. Mikono ya Yaya ilibaki juu yote miwili, imenyooka kama ya mtu anayeanika shuka.

"Hiyo ndoo iko wapi?" aliuliza.

Daktari alicheka. Tembo alifumbua macho, akautazama mkono wake kana kwamba umemsaliti.

"Kwa hiyo mimi ndiye bwege humu ndani," alisema.

"Wala. Jina lake la kitabuni ni hipnosisi, na haina uhusiano na akili wala udhaifu. Ni kama sauti ya kuimba: wachache wamejaliwa sana, wachache hawana kabisa, wengi tuko katikati. Wewe umejaliwa. Mama ana kidogo. Tatizo ni kwamba jino ni la mama."

Akamwomba Tembo asubiri nje, maana alishaanza kusinzia kwa maneno yasiyomhusu.

Yaya alilala kwenye kile kiti kirefu, taa imezimwa, pazia limevutwa. Daktari alianza kazi yake kwa sauti ya chini. Miguu inalegea. Mabega yanalegea. Sasa lala, mama. Lala.

Kila alipolitamka neno hilo, Yaya alizidi kuwa macho makavu. Masikio yalimsimama. Alisikia saa ya ukutani, alisikia bomba linadondoka, alisikia viatu vizito vikienda na kurudi koridoni. Daktari alirudia tena na tena, jasho likamtoka, mwisho akawasha taa.

"Mama, ulikuwa unawaza nini?"

"Siwazi kitu. Nasikia tu kwamba bado hajalala."

"Nani?"

"Mtoto," alisema Yaya, na papo hapo akaona haya, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa kule koridoni na viatu vyake vya dereva. "Nisamehe, mwanangu. Nimelea tangu nikiwa msichana. Neno hilo nimelisema maisha yangu yote, sijawahi kuambiwa mimi. Nikilisikia, ndiyo kwanza kazi inaanza. Nasikiliza pumzi. Akishalala mtoto, ndipo na mimi najilaza."

Hapo daktari akaelewa kosa lake. Alikuwa akimwambia neno la kazi na kutaka apumzike. Kisha akafungua mlango.

"Bwana Tembo, ingia. Vua viatu."

Walimweka kwenye kiti cha kukunja kando ya ukuta, kikalalamika. Safari hii daktari hakumgeukia Yaya kabisa. Alimwambia Tembo miguu inalegea, mabega yanalegea, na hata hakufika mbali. Kichwa kiliangukia kifuani, Tembo akazama usingizi wa pono. Yaya alisikiliza. Pumzi ilijikwaa kidogo puani, ikasita, halafu ikatoka mdomoni ikipuliza midomo: puu. Ile ile. Mvi zote zile na pumzi haikubadilika.

Basi, kalala, alijiambia, na mwili wake wote ukalegea pale kitini bila kuombwa.

Hakuzama sana. Alimsikia daktari akisema, "Ukiumia, inua kidole," akasikia chuma kinagusa, akasikia kitu kikivutwa na kuvutwa tena. Maumivu yalikuwepo, lakini kama ugomvi wa nyumba ya jirani: unausikia, haukuhusu. Puu, ilisema pumzi kando ya ukuta. Kidole hakikuinuka.

Taa ilipowaka, jino lilikuwa kwenye kisahani, na Yaya alikuwa na pamba mdomoni na machozi mashavuni, wala hayakuwa ya kuumia. Alimshika daktari mikono yote miwili, hakuiachia upesi.

"Sasa tumwamshe huyu," alisema daktari.

Yaya alitikisa kichwa. Aliteremka kitini mwenyewe, akainama, akamtikisa Tembo kidole gumba cha mguu, kama alivyomwamsha asubuhi za shule. Tembo akashtuka, akaona pamba, akaona kisahani.

"Tayari? Yaya, nisamehe. Nimekuja nikushike mkono, nimelala kama gogo."

Yaya aliwakumbuka watoto wote aliowabembeleza, walioimbiwa, waliotishiwa, waliobebwa mpaka mgongo ukamfa ganzi. Huyu ndiye aliyekuwa msumbufu kuliko wote.

"Ashante," alisema, pamba ikimharibia maneno. "Ashante kwa kulala, mwanangu."