Dalali Aliyebisha Hodi

Mume wangu alitaka nyumba tutafutiwe na binamu yake, Chapchap, dalali ambaye leseni yake ni mdomo tu. Nikakataa katakata. Mtoto wetu alikuwa bado hajaanza kusema, na nilitaka alale mahali pa salama. Nikamtafuta mama mmoja aliyesomea kazi hiyo, mwenye leseni yake ukutani.

Chapchap, aliyekuwa ameshatuonyesha nyumba moja, alinuna, lakini siku mama dalali alipokwenda kuikagua naye alikuja. Mama dalali alikuwa na utaratibu wake: nyumba iwe tupu namna gani, kila mlango alibisha hodi, akangoja.

"Unawaomba ruhusa mende?" Chapchap akamcheka.

"Nikijibiwa na kimya, naingia," alisema bila kugeuka.

Sebuleni kimya. Jikoni kimya. Tukafika chumba cha nyuma, kile ambacho Chapchap alitupitisha haraka mara ya kwanza, akisema kinamfaa mtoto.

"Hodi," mama dalali akaita.

"Karibu," akajibu bibi mmoja kutoka ndani, kwa sauti ya upole.

Mama dalali akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Vumbi lilijaa sakafuni, bila alama hata moja ya mguu.

Nilirudi nyuma hatua moja. Lakini mimi nililelewa hivyo, mtu mzima akinikaribisha siwezi kunyamaza. Nikajisikia nasema, "Asante, bibi. Nawe karibu kwetu."

Mama dalali alinishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu, hapa hatujibu. Tunatoka tu."

Chapchap hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshafika getini.

Nyumba ile tuliiacha. Mama dalali akatupatia nyingine, hati zake safi, majirani wema. Alibisha milango yote, na kote kulikuwa kimya. Siku ya kuhamia nililia kwa furaha.

Leo mchana nilikuwa nakunja nguo, mtoto akicheza karibu na mlango. Siku hizi anasema, na kila anachosikia anakidaka.

"Hodi," ikaitwa nje, kwa upole.

Sauti ile niliijua. Nikazitupa nguo, nikamkimbilia mwanangu nimzibe mdomo. Alikuwa ameshaugeukia mlango, anacheka.

"Kalibu, bibi," akasema.