Wakazi wa Beseni

“Beseni ni langu, na leo nalitaka.”

“Siku nyingine, mama. Nakuomba.”

“Ipi? Tangu tumzike umejifungia humu na hao wadudu. Chakula huli, ila sisimizi wao hawakosi!”

“Aliniachia mimi.”

“Binti yangu hakuacha wosia wa funza.”

Neno likamponyoka. Mkwewe akainamisha kichwa.

Mama akaliendea beseni dirishani. Mchanga wa mtoni ulikuwa umetobolewa vitundu vya mviringo, kama vilivyochomwa kwa penseli. Katika kila kimoja alikaa buu, kichwa chake bapa kimeziba mlango, akivizia sisimizi apite amnyakue. Bintiye alikuwa akiwachunguza mpaka ugonjwa ulipomlaza. Mama hakujua, kila asubuhi alivifukia vitundu kwa kiganja, akidhani ni uchafu. “Mama, unawafungia wenzio milango,” binti alimwambia toka kitandani, akacheka hadi akakohoa.

Leo mmoja alikuwa ametoka, mbawakawa kamili: mgongo wa kijani unaong’aa, madoa meupe, miguu kama uzi, taya kama mkasi. Akachomoka mbio, akagonga ukingo, akasimama. Akachomoka tena. Akagonga.

“Kipofu huyu?”

“Akikimbia haoni, mama. Mbio zimeyashinda macho. Husimama akatazama, ndipo aendelee. Kule mtoni mchanga ni mtupu, hana cha kugonga.”

“Ataishi sana?”

“Wiki chache. Maisha yake mengi yameishia shimoni.”

“Na hizo chache azimalizie kwenye beseni la kufulia?”

Mkwe akafuta uso kwa mkono wa shati. “Nikiwapeleka mtoni, nitabaki na nini cha mke wangu?”

Mama alikuwa amefua nguo na mashuka yote ya bintiye, isipokuwa foronya moja. Ilikuwa imekunjwa chini ya mto wake mwenyewe, na hakuna aliyejua.

“Shika upande huo,” alisema. “Usilitikise, wengine bado wamo.”

Wakalibeba wawili mpaka ukingo wa mto. Mkwe akachimba kwa mikono, pumzi zikimkatika. Mama akapiga magoti naye, wakaliteremsha bonge la mchanga mbichi likiwa zima, wakashindilia pembeni. Walipoinua macho kumtafuta yule wa kijani, alikuwa ameshakwenda.