Kimbaumbau wa Nyumba ya Shibe

Nyumbani kwangu hakuna anayelala njaa. Akilala njaa ni ubishi wake mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na cherehani yangu nimeiweka kwenye korido, ubavuni kabisa mwa mlango wa jikoni, maana mwanga mzuri unatokea huko. Napinda sketi huku nasikia maharage yakichemka. Yeyote anayepita pale lazima nimwone, na nikimwona lazima nimuulize kama ameshakula.

Sasa fikiria aibu. Nyumba kama hiyo, halafu kuna paka amekonda mpaka mgeni akiingia anauliza, "Huyu naye ni wa hapa?"

Paka tunao watatu. Wawili ni wangu. Bwana Tumbo ni dume la kijivu, jina limeshamaliza maelezo. Shangazi ni jike la madoadoa, mtu mzima, nilimlea tangu alipokuwa analala ndani ya boksi la vifungo. Mpole yule, hajawahi kumkwaruza hata mtoto wa jirani anayemvuta mkia. Wa tatu, mweusi, alikuja na mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kuteleza kwenye ngazi za kwake akaumia goti. Alikuwa anakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na siku ile alikaa chini pale kwenye ngazi mpaka jioni ndipo mtu akapita. Mume wangu alipopata habari hakusubiri kushauriwa, akaenda kumchukua. Mama akashuka kwenye gari na fimbo, begi moja la kahawia na kikapu. Ndani ya kikapu kuna paka. Anamwita Sultani.

Siku anaingia, Sultani alikuwa na mashavu. Baada ya wiki chache mashavu yakaondoka, mgongo ukatokeza, mbavu unazihesabu ukiwa umesimama. Sultani gani huyo? Mimi nikamwita Kimbaumbau, mdomo wangu hauna breki. Mama akatabasamu kidogo, lakini yeye hakuacha kumwita Sultani.

Nilimpenda yule mama. Nasema hivyo wazi kwa sababu kuna watu wakisikia mke na mama mkwe wako chini ya paa moja, wanavuta viti karibu wasikilize vita. Vita hakuna. Anacheka mpaka anashika ubavu, anasengenya kwa adabu, na kutengeneza tundu la kifungo kwa mkono ananishinda mimi niliyesomea. Mama yangu mzazi alifariki sijajua hata kushika sindano. Kwa hiyo huyu alipoingia niliapa moyoni kwamba hatagusa sufuria, atatunzwa mpaka achoke.

Na nilimtunza. Akiinuka tu chumbani, akitokeza koridoni na kikombe chake, mimi hata uso sijanyanyua nishasema, "Mama, unatafuta nini? Kaa, nitakuletea." Maji, nitakuletea. Chumvi, kaa. Chai naipika mimi, sukari kidogo kwa ajili ya afya yake, naipeleka mpaka kitandani. Wifi yangu alipokuja kumsalimia mama yake, alipiga makofi.

"Mama, wewe hapa ni malkia!"

"Nashukuru, wanangu," mama akasema, akaomba ruhusa akajinyooshe kidogo.

Siku moja alinitania. "Mwanangu, si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mbona jembe langu silioni?"

"Jembe lako ni rimoti ya televisheni," nikamwambia. Tukacheka wote wawili, mimi zaidi.

Basi, asubuhi moja nampelekea chai, nikamkuta amempakata Kimbaumbau, vidole vinapita juu ya mbavu zile.

"Paka wangu anaisha, mwanangu," akasema. "Sikulaumu. Pengine hewa ya hapa haimfai. Mwezi huu ukiisha akiwa hivi hivi, mimi naye tutarudi kwetu."

Hewa! Chai ilinimwagikia mkononi. Goti lile, ngazi zile, na safari hii akianguka nani atapita? Nilitoka mle chumbani. Nikajiambia, kama roho ya mama imefungwa kwenye tumbo la yule paka, basi tumbo lile litajaa, litake lisitake.

Niseme jinsi ninavyowalisha, maana hapo ndipo nilipojiona mjuzi. Mimi sipendi mambo ya kila mtu na sahani yake pembeni. Kwangu tunakula pamoja, na paka vilevile. Sinia moja la bati, jikoni, karibu na mlango wa nyuma. Nagonga kijiko, wanakuja. Sasa nikaongeza. Dagaa wakawa wengi, yai la kuchemsha likaingia, mchuzi wa samaki juu yake. Kila siku sinia linabaki jeupe kama limeoshwa. Nikasema, haya, wanakula.

Kila Jumapili namshika Kimbaumbau nampima kwa futi yangu ya kushonea. Kifua, kiuno, shingo. Kiuno hakikusogea hata uzi mmoja. Bwana Tumbo nilipompima kwa ajili ya kulinganisha tu, nikakuta ameongezeka mpaka nikaona haya kumwambia mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Kwake yeye kila ugonjwa duniani unafanana na friji. "Chakula kinaingia, baridi haitoki," akasema akijikuna kidevu. "Kuna mahali panavuja. Hiyo ni minyoo."

"Toka hapa na friji zako," nikamwambia. Lakini nilimbeba paka nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, mikono imejaa makovu ya kucha. Alimfungua Kimbaumbau mdomo, akamtazama meno, akamminya tumbo, akampima kinyesi na damu. Mimi nimekaa kwenye benchi moyo unanidunda kama ndiye mwanangu. Mwisho akavua glovu.

"Minyoo hana. Meno mazima. Huyu paka ana njaa tu."

Ala! Nilisimama. "Dada, usinitukane. Sinia langu linajaa kila siku."

"Sijasema humpi chakula. Nasema hakimfikii." Akamkuna Kimbaumbau kichwani. "Wako wangapi?"

"Watatu."

"Wanapigana?"

"Hata kidogo. Kwangu hakuna makelele."

"Paka hawahitaji makelele. Wakati wa kula usiangalie sinia. Angalia njia ya kwenda kwenye sinia. Nani anakaa wapi, basi."

Nilirudi nimenuna. Hata hivyo, mchana ule nikajaza sinia, nikagonga kijiko, nikarudi kwenye cherehani yangu, nikajifanya natunga uzi.

Bwana Tumbo akapita mbio kama kawaida. Shangazi akaja, taratibu, mkia juu. Akafika mlangoni pa jikoni, hakuingia. Akajilaza pale pale, karibu na mguu wangu, akaanza kujilamba mkono. Nilimwona hivyo kila siku, nikidhani ananipenda. Mara mlango wa chumba cha mama ukasukumwa, Kimbaumbau akatokeza. Akatembea hatua chache. Akamwona Shangazi. Shangazi hakunguruma, hakuinua mkono, hata sikio hakulilaza. Alimtazama tu, halafu akaendelea kujilamba.

Kimbaumbau akakaa chini. Akageuza uso akatazama ukuta, kama aliyekumbuka kitu. Kisha akageuka, akarudi chumbani.

Baadaye Shangazi akaingia akala kwa nafasi yake, na Bwana Tumbo akalamba sinia mpaka likang'aa. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako. Paka wangu mwenyewe, mpole wangu, miguuni pangu!

"Shangazi!" nikafoka. "Nimekulea kwenye vifungo, unanifanyia haya?" Akanitazama kwa upole ule ule. Hakujua kosa lake, na mimi sikujua nimpe adhabu gani, maana kukaa mlangoni si jinai.

Dawa ilikuwa rahisi hata inaudhi. Nikaikana sheria yangu ya sinia moja. Nikatafuta kisahani, nikakipeleka chumbani kwa mama, nikakiweka juu ya kabati fupi karibu na dirisha, mlango nikafunga. Kimbaumbau alipanda, akanusa, akageuka kuangalia mlango. Umefungwa. Akala. Alikula huku analia ndani ya koo, na mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga, mimi nikajifanya natafuta pini sakafuni.

Tukaenda hivyo. Jumapili ya kwanza kiuno kimesogea. Ya pili, kimesogea tena. Mwezi ulipokaribia kwisha, mbavu zilikuwa zimefunikwa, manyoya yanang'aa, na shavu moja limeanza kurudi, la pili linafuata. Nikamwita Sultani kwa mdomo wangu. Nilitembea ndani ya nyumba ile nikipiga miluzi, mume wangu akauliza kama kuna mteja wa sare za shule nzima.

Siku ya mwisho ya mwezi nikaingia chumbani kwa mama na futi shingoni, nimejaa ushindi, nimsomee vipimo. Begi la kahawia lilikuwa kitandani, wazi. Nguo zimeshakunjwa.

"Mama! Paka si amenenepa?"

"Amenenepa, mwanangu. Mungu akubariki."

"Sasa?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Nimekumbuka kwangu tu," akasema. "Usijali. Ngazi nitazipanda polepole."

Nilitoka na futi yangu shingoni. Nilikaa kwenye cherehani nikakanyaga pedeli kwa hasira, mshono unakwenda kombo, machozi yananijaa. Nimekosa nini? Nimempa nini kibaya? Namlisha, namvisha, hata sukari yake napima mimi! Nilimkasirikia, kweli, nikasema moyoni kwamba wazee hawana shukrani.

Mlango wa chumba ukasukumwa. Mama akatokeza na kikombe chake kitupu, fimbo mkononi. Akatembea hatua chache kuelekea jikoni.

Mimi, uso sijanyanyua, "Mama, unatafuta nini? Kaa, nitakuletea."

Hatua zikasimama. Ndipo nikainua macho. Mama alikuwa amesimama katikati ya korido. Hakukasirika, hakununa. Aligeuza uso akatazama ukuta, kama aliyekumbuka kitu. Kisha akageuka, akarudi chumbani.

Mguu wangu uliganda juu ya pedeli. Chini ya kiti changu Shangazi alikuwa anajilamba mkono, na mimi nimekaa palepale anapokaa yeye, mwili wangu wote umeziba nusu ya mlango. Lo! Nyani haoni kundule. Mwanamke aliyeendesha jiko lake tangu mimi sijazaliwa, kwangu hajachemsha hata maji. Kila alipotaka kupita, nilikuwepo, mpole, natabasamu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Baba nanihii!" nikamwita mume wangu. "Njoo ushike cherehani upande huu."

"Tunaipeleka wapi?"

"Sebuleni, dirishani."

"Kule si jua linaingia asubuhi tu? Mchana utaona nini?"

"Nitawasha taa. Shika!"

Cherehani ile ni ya chuma cha zamani, tuliiburuta inapiga kelele kama inachinjwa. Shangazi naye nikambeba kwapani. Korido ikabaki tupu, pana, sijawahi kuiona hivyo. Mama hakuuliza kelele ni za nini, na mimi sikwenda kumwambia. Nilikaa sebuleni, nikashika kitambaa, nikatega masikio.

Kimya kwanza. Halafu fimbo. Tok, tok. Ikafika pale koridoni, ikasimama. Nikajiuma ulimi, haki ya Mungu niliuuma, maneno yale yalikuwa yameshafika kwenye meno. Fimbo ikaendelea. Nikasikia kiberiti, maji kwenye birika, makabati yanafunguliwa moja baada ya jingine.

"Nani ameweka chumvi huku juu kama mnamfungia mwizi?" sauti ikatoka jikoni. Ilikuwa sauti sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mwenye nyumba. Mume wangu akanitazama macho yamemtoka. Ndiyo sauti iliyomlea, nadhani.

Kisha sufuria zikaanza kugongana, na mama akaanza kuimba, vibaya sana.

Begi halikufungwa jioni ile. Nilipochungulia chumbani, Sultani alikuwa amelala ndani yake, juu ya nguo zilizokunjwa, ameenea kona hadi kona. Mama akasema hawezi kumwamsha mtu aliyeshiba. Kesho yake nguo zilirudi kabatini.

Sasa hivi jikoni kwangu kuna sukari nyingi kwenye chai, chumvi iko chini, na visu vyangu vimehamishwa mahali ambapo sijapajua. Jana kiu ilinibana katikati ya mshono, nikainuka niende kuchukua maji. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, anamenya vitunguu, Shangazi amejilaza ubavuni pake. Hata uso hakunyanyua.

"Unatafuta nini, mwanangu? Kaa, nitakuletea."

Nikarudi, nikakaa.